Mzee wa Ufunguo

Mara ya tatu Habibo alipokitupa kile kitabu, kilimkosa mbuzi kwa shubiri moja. Mama yake, Timiro, aliyekuwa amejikalia mlangoni mwa kibanda akisuka kamba, hakuinua hata uso. Alisema tu kwamba mbuzi amebaki mmoja, na kama binti amedhamiria kuua kitu kwa kitabu, basi aanze na nzi, maana hao wapo wa kutosha.

Ndivyo alivyokuwa Timiro. Ulimi wake ulimtangulia duniani, na sasa amefika miaka hamsini bado anaukimbilia. Lakini siku hiyo mzaha ulikuwa wa mdomoni tu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Siku ya kumi na mbili, Alhamisi, Habibo alitakiwa awe mjini Garissa kwenye chumba cha mtihani. Akifaulu anaingia chuo cha ualimu, na katika ukoo wao hakuna msichana aliyewahi kufika huko. Karatasi ya mwisho ilihusu kitabu hicho kimoja tu, na Habibo hakuwa amefika hata ukurasa wa sitini.

Ilikuwa mwaka wa sitini na saba. Vita vya serikali na shifta, wapiganaji wa porini, vilikuwa vimeingia mwaka wa nne, na wafugaji wa upande ule, kutoka Dadaab kushuka mpaka mtoni, walikuwa wamekusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa miiba na seng'enge. Hutoki bila pasi. Na pasi hupewi mpaka aje mwanamume wa ukoo wako mwenye kazi mjini, asimame langoni, na mkuu wa nyumba amkiri mbele ya karani kwamba huyu ni wangu, na ndiye dhamana ya mtoto wangu. Baba yake Habibo, mchuuzi wa ng'ombe aliyemtia binti shuleni watu wakimcheka, alikuwa amekufa kwa homa kabla ya vita. Kwa hiyo mkuu wa nyumba alikuwa Timiro. Na mwanamume wa ukoo mwenye kazi mjini alikuwa mmoja tu: Yarrow, mkalimani wa maafisa, mdogo wake Timiro, tumbo moja.

Naye Timiro hakuwa akisemezana na Yarrow mwaka mzima.

Sababu anayo, tena si ndogo. Siku askari wa serikali walipoikusanya mifugo zizini, ngamia wa Timiro kumi na mmoja walikuwemo. Afisa aliuliza ngamia wenye chapa ile ni wa nani. Yarrow alikuwa amesimama ubavuni pake, na chapa ile aliijua vizuri. Aliichora mchangani kwa kidole kabla hajajua kufunga kikoi. Timiro alikuwa upande wa pili wa seng'enge anapiga kelele, lakini wanawake mia moja walikuwa wanapiga kelele, nani amsikie? Neno moja la Yarrow lingetosha, kwamba hawa ni wa dada yangu. Yarrow alitazama viatu vyake akanyamaza. Ngamia wakaswagwa barabarani kama wasio na mwenyewe, wala Timiro hakuwaona tena.

Mara tatu Yarrow alikuwa ameleta ujumbe kupitia kwa Billow, dereva wa lori la maji, kwamba yuko tayari kuja kumdhamini binti, aitwe tu. Mara tatu Timiro alijibu kwamba hana ndugu mwenye jina hilo. Alijaribu kumtumia mwenye duka mmoja wa mjini, rafiki wa marehemu mumewe, karani akakataa kwa sababu si wa ukoo. Basi ilibaki milango miwili iliyofungwa, kitabu na Yarrow, na Timiro akaamua kuanza na kitabu.

Kitabu chenyewe, tuseme ukweli, kilikuwa na sifa. Mwalimu wa zamani wa Habibo alikuwa amekituma kimefungwa kwa gazeti, na nyuma ya jalada wakubwa wa Ulaya walikimwagia sifa. Kimepata tuzo, kimetafsiriwa kwa lugha ishirini, hakina mfano. Kilisimulia ukoo wa wakulima katika nchi ya baridi, nchi ambako, alieleza Habibo, mvua hushuka nyeupe na kukaa chini miezi minne. Timiro aliuliza imekuwaje watu wenye maji yote hayo wawe na roho mbaya namna hiyo. Swali hilo hakuna aliyelijibu, hata mwandishi.

Na walikuwa wabaya, jamani. Babu, mwenye shamba, alivaa ufunguo wa lango shingoni na kulala nao. Mke wa mwanawe alihesabu vipande vya mkate kabla watoto hawajala. Shangazi alipeleka maneno ya majirani polisi, kisha akaenda kwa majirani hao hao kuwapa pole. Na mwana mwenyewe aliwauza maksai wa babaye wakati baba yuko kitandani anaumwa.

"Hooyo," Habibo alimwambia mama yake, "humu ndani hakuna hata mmoja ambaye ningetaka aketi karibu nami. Nitaandikaje kurasa nne juu ya watu ninaowachukia?"

Timiro alimjibu kwamba yeye aliwahi kupika karamu ya harusi ya watu anaowachukia, na nyama ikaliwa ikaisha. Halafu akatoa amri. Kila siku baada ya swala ya alasiri, mpaka filimbi ya kuingia ndani ipigwe, Habibo atasoma kwa sauti na kufasiri kwa Kisomali, mama yake asikie. Mgonjwa akikataa dawa, alisema, hushikwa pua.

Sasa, kwa wafugaji wa kule, mtu akitoka mahali akafika mahali haketi hivi hivi. Ataulizwa habari, na atazitoa zote kwa mpangilio: mvua ilinyesha wapi, malisho yako wapi, nani kafa, nani kagombana na nani. Haongezi wala hapunguzi, maana watu watahamisha mifugo kwa neno lake. Anayesema uongo katika habari huharibu jina lake mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo Habibo alipoanza kusoma, Timiro alisikiliza kama mtu anayepewa habari. Jirani yao Osob, mjane mwenzake, alivutwa na sauti akaja na kigoda chake, naye akasikiliza vivyo hivyo.

Majina ya Kizungu yaliwashinda siku ya kwanza tu, wakayatupa. Wasomali hawamwonei mtu haya katika kumpa jina. Ukichechemea utaitwa kwa mguu wako, ukiwa na jicho moja utaitwa kwa jicho. Babu akawa Mzee wa Ufunguo. Mkaza mwana akawa Hesabu-Mkate. Mwana aliyeuza maksai aliitwa Mwizi wa Nyumbani, na shangazi alipewa jina ambalo hapa sitaliandika.

Siku ya pili Osob aliuliza kama wazee wa pande zote wameshakwenda kuwasuluhisha watu hao. Siku ya tatu alisema amemwombea dua mjukuu wa yule mzee, kasichana ka miaka kumi na miwili, maana kanaonekana kana akili na hakana mtetezi. Hapo Habibo alicheka, akawaeleza kwamba watu hao hawapo. Hawajawahi kuwapo. Mtu ameketi mezani akawatunga.

Mikono ya Timiro ilisimama kwenye kamba. Alitaka kuelewa vizuri. Mtu ametunga habari za uongo kurasa mia mbili, na badala ya kuaibishwa akapewa zawadi? Osob alikasirika, akabeba kigoda chake akaondoka, akasema hatatia tena mguu. Kesho yake alikuja mapema kuliko siku zote. Timiro naye alikuwa amelipima jambo hilo usiku kucha akakata shauri kwamba binti amekosea. Labda Wazungu wamebadilisha majina kwa kuogopa kesi, lakini hakuna binadamu anayeweza kutunga mzee anayeoga na ufunguo shingoni. Mzee yule yupo mahali fulani, na ana watu wake.

Na sasa nikwambie jambo la ajabu. Timiro alimpenda yule mzee.

Alimpenda kweli kweli. Mwizi wa Nyumbani aliporudi baada ya miaka saba na gari lake la farasi, akasimama nje ya lango kuomba radhi, mzee alichukua gazeti akalisoma kwa sauti kubwa ili asimsikie. Osob alisonya. Habibo alitikisa kichwa. Lakini Timiro alipiga paja lake kwa furaha, akamwamuru binti arudie kipande hicho. Ndiyo! Mtu amekuuzia maksai wako ukiwa hujiwezi, halafu alete machozi? Asomewe gazeti, asomewe na la jana. Habibo alikirudia, safari hii polepole, neno kwa neno.

Siku ya nane wakafika mahali ambapo yule mjukuu anapata bahati. Mshonaji mmoja mashuhuri wa mjini ameona kazi ya mikono yake, amekubali kumchukua na kumfundisha. Safari ni ndefu na mvua nyeupe imefunika njia, na gari linaloweza kupita ni moja tu, la baba yake, Mwizi wa Nyumbani. Mzee wa Ufunguo hana neno na mtoto. Anampenda kuliko wote. Ila ameapa kwamba magurudumu ya mtu yule hayatapita langoni pake akiwa hai, naye si mtu wa kuvunja kiapo. Basi msichana akasimama uani na kifurushi chake toka asubuhi. Gari lilingoja ng'ambo ya lango mpaka farasi wakaanza kutetemeka, kisha likageuka likaenda zake.

Habibo alisoma hayo yote kwa sauti ile ile moja, bila kuinua macho kutoka ukurasani. Kwa kutomtazama kwake, Timiro akajua kwamba binti anafikiri anachofikiri yeye.

Osob alisema mzee huyo ni shetani mtupu. Akamgeukia Timiro amsikie atamteteaje leo. Timiro alisema kamba imekwisha, anaingia ndani kutafuta nyingine. Kamba ilikuwepo, imejaa miguuni pake.

Kesho yake, Jumapili, kitabu kiliisha. Mwishoni miaka mingi imepita, mzee amezikwa, na yule msichana sasa ni mwanamke wa miaka arobaini. Anaamka alfajiri, anahesabu mikate, anavaa ufunguo shingoni. Mwandishi akaishia hapo, asikuambie lolote la kukupoza. Osob alilia, akamlaani mwandishi na waliompa tuzo, kisha akajifuta na kwenda kuwasha moto wake.

Walipobaki wawili, Timiro aliuliza kitu alichokuwa akikiwaza tangu jana.

"Huyu aliyeandika, alimpenda yule mzee?"

Habibo alifikiri. "Hakumtetea popote, hooyo. Lakini hakumwacha. Watoto wake wote walimkimbia, mwandishi alikaa naye kurasa mia mbili." Halafu akatafuta penseli, akaliandika neno hilo hilo pembeni mwa gazeti lililokuwa limefunga kitabu kabla halijamtoka, akaendelea kuandika, na akaandika mpaka filimbi ikalia.

Timiro alimtazama anavyoandika, akaogopa. Niseme wazi, aliogopa kuliko siku ya zizini. Haki alikuwa nayo, asitokee mtu kumwambia hana. Alikuwa nayo nzima, haina ufa, kama vile yule mzee alivyokuwa nayo. Lakini ngamia hawarudishwi na haki, na binti yake alikuwa na miaka kumi na tisa na kifurushi tayari. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Timiro aliwahi kuusikia msemo huo sokoni na kuucheka, akasema aliyeutunga hakuwa na kaka.

Jumatatu asubuhi lori la maji lilipokuja, alimwendea Billow akamwambia amwambie Yarrow aje Jumatano. Billow, aliyekwisha kupeleka majibu matatu ya matusi, alidhani hakusikia vizuri, akauliza tena. Timiro alimwambia akiuliza mara ya tatu maji hayo atayaoga yeye.

Jumatano Yarrow alishuka kwenye lori mbele ya lango, kakonda, suruali ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata. Alitoa salamu. Timiro aliitikia, kwa sababu salamu ya Mungu hairudishwi mlangoni. Nyuma yake alisimama Habibo na kifurushi, na nyuma ya Habibo nusu ya kijiji, maana mambo kama hayo hayahitaji mpiga mbiu. Karani, kijana wa bara asiyejua neno la Kisomali, alikuwa na meza yake na muhuri wake, na pembeni yake askari na bunduki. Karani alifungua daftari. Timiro akamwinulia mkono asubiri, akamgeukia ndugu yake.

"Warran," alisema. Lete habari.

Yarrow alianza kama inavyotakiwa. Mvua imenyesha juu, mto umejaa. Mke wake amejifungua mtoto wa kike. Mzee fulani wa ukoo amefariki, amezikwa vizuri. Akafika mwisho, akangoja aambiwe kwamba habari zimepokewa. Timiro hakuzipokea.

"Hazijaisha," alisema.

Yarrow alijua ni zipi zilizobaki. Aliangalia chini, kisha akajilazimisha kuinua kichwa.

"Chapa niliiona," alisema. "Niliijua. Afisa aliuliza mara mbili. Niliogopa nikisema ni ya dada yangu, wataniuliza dada yangu anamlisha nani huko porini, na mimi nitavuliwa kazi nitiwe humu pamoja nanyi. Nikanyamaza. Hakuna aliyenilazimisha. Hizo ndizo habari zote."

Mwaka mzima Timiro alikuwa amejiandalia majibu. Yarrow angesema hakuiona chapa, jibu lipo. Angesema alitishwa, lipo. Angemtaja Mungu na majaliwa yake, la hilo ndilo kali kuliko yote. Sasa mtu amekuja bila udhuru hata mmoja, na majibu yote yakamharibikia mkononi.

Karani alichoka. "Mama, huyu mtu ni nani wako?"

Yarrow, kwa mazoea ya kazi, akafungua kinywa kutafsiri. Timiro alimwonyesha kiganja anyamaze. Swali alilisikia. Lakini midomo yake haikufunguka. Kalamu ya karani ilikuwa hewani, askari alihamisha bunduki kutoka bega moja hadi jingine. Timiro akagundua jinsi ilivyo rahisi. Siku zote aliamini Yarrow alifanya kitendo siku ile. Kumbe hakulazimika kufanya chochote, aliiacha tu midomo ilipokuwa, kama yeye sasa hivi. Hakumsamehe kwa hilo. Alimkasirikia zaidi, na akajikasirikia na yeye mwenyewe. Karani aliteremsha kalamu, akashika jalada la daftari kulifunga.

"Huyu ndugu yangu," alisema Timiro kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa kijiji. "Baba moja, mama moja. Andika."

Karani akaandika. Muhuri ukagonga. Yarrow aligeukia gurudumu la lori akalia kwa sauti, mtu mzima, bila haya, na Billow ghafla akaona kuna kitu cha kutengenezwa kwenye injini.

Habibo alimbusu mama yake mkono. Timiro alimwagiza kwamba akiandika asimwonee yule mzee. Aandike kwamba alikuwa na haki ya kukasirika, kisha aandike na lango. Habibo alisema ataandika yote mawili, akapanda juu, akakaa kati ya mapipa matupu.

Yarrow alijifuta uso, akaja karibu. "Abaayo," alimwita, dada yangu, "umenisamehe?"

"Hilo sijalisema. Nimesema u ndugu yangu. Mpeleke mtoto, jua linapanda."

Lori likaondoka. Timiro alisimama mpaka vumbi likalala, akiomba dua zote alizozijua na nyingine alizozitunga papo hapo. Osob alikuja akamshika kiwiko, wakaanza kurudi taratibu. Njiani Osob hakujizuia. Alisema amekaa jirani naye mwaka mzima akiambiwa kwamba hana ndugu.

"Ninaye," alisema Timiro. "Mwoga mkubwa, na mtoto wake mchanga sijamwona. Jumamosi atamrudisha Habibo. Nigawie iliki kidogo, Osob, maana huyo tangu utotoni hanywi chai isiyo na iliki."